Koleo Lilikuwa Bado Majini

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Bukavu tuko wazima. Mama yako amerudi kutoka Kamanyola na mchele mpya, anakusalimu. Unauliza ufanye nini wagonjwa wakikugombeza kwamba unawachelewesha kwa kuchemsha vyombo vya meno.

Nami nilikuwa msaidizi mpya wa daktari wa meno, hapa Ibanda, wakati wa vita. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo koleo la kung'olea meno nililichemsha juu ya makaa. Akaingia askari mwenye bunduki, shavu limevimba, akaruka foleni.

“Toa hii jino sasa, maman.”

Koleo lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu mwingine, na maji yasipochemka vya kutosha, ugonjwa wa mmoja unahamia kwa mwenzake. Nikaweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria.

“Koleo ingali mu maji, papa. Hata ukipiga hii sufuria risasi, maji haitachemka mbio.”

Wamama kwenye foleni wakacheka. Mkono sikuuondoa. Askari akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Zamu yake ilipofika, kabla ya kufungua mdomo, aliniuliza kwa sauti ndogo: “Imechemka muzuri?”

Waache wanune, Furaha. Usifunue sufuria kabla ya wakati.

Koko wako,
Veronika