Barua ya Amal kwa Mawaziri

Jumanne jioni, Donholm

Basi majenerali waliopindua serikali ya nchi jirani wameshinikizwa. Nimeshuhudia mwenyewe, birika la chai mkononi.

Mawaziri wa kanda nzima walikutana leo katika hoteli ninakofanya kazi ya kuhudumia meza. Walimshinikiza mjumbe wa jeshi kwa samosa, kisha kwa samaki, kisha kwa keki. Mwishowe wakasoma tamko: wana wasiwasi mkubwa sana, kwa hivyo wanamwongezea mkuu wa majenerali hao mwaka mmoja wa kuandaa uchaguzi. Mjumbe wake alipiga makofi kuliko wote.

Saa ya chai nilimpa waziri mmoja barua ya Amal, jirani yangu hapa plotini, kwenye nyumba zetu za kupanga. Mumewe ni mwalimu, na amefungwa huko kwao, katika nchi hiyo ya majenerali, kwa kudai uchaguzi huo huo. Waziri aliitia mfukoni bila kuifungua.

"Asante, kijana. Sukari iko wapi?"

Nina miaka arobaini na sita.

Nilipofika nyumbani, Amal alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Baba Njeri, aliisoma?"

"Aliisoma," nikasema. "Mara mbili."

"Akasema nini?"

"Akasema... wanafuatilia."

Alinishika mkono akalia kwa furaha, kisha akakimbia kumpigia mama mkwe wake simu. Kupitia ukuta namsikia akilirudia neno hilo: wanafuatilia, wanafuatilia.

Siku nzima nimewacheka wale mawaziri moyoni. Sasa naogopa kesho, akiniuliza wanafuatilia vipi.