Handaki Linaishia Mtoni

Mtaa wa Mashineni,
Galula, Songwe.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa kaka yangu Yonasi,

Pokea salamu za mdogo wako Ikupa, pamoja na za shemeji yako na watoto. Sisi wa huku tunaamka na tunakula. Mvua zilikata mapema, lakini mahindi ya bondeni yameshika. U hali gani huko Kanda ya Ziwa? Kile kifua kimepona? Ulipoondoka ulikuwa unakohoa vumbi mpaka mama akawa haiondoi jikoni sufuria ya majani ya dawa. Wifi Ruti naye hajambo? Mwambie nguo alizowatumia watoto zimewatosha, na yule mdogo halali bila ile kofia.

Utashangaa kupata barua, zama hizi, wewe mwenye simu mbili. Kaka, nimekupigia. Kila nikianza kulia, mtandao wako unasumbua. Barua haina mtandao. Ninampa Hamis, mume wa Mwasiti jirani yetu, anayepeleka mchele huko kwa lori, na ameniahidi atakukabidhi mkononi na kusimama hapohapo mpaka umalize kusoma. Unamjua alivyo na mwili yule. Kaa chini usome.

Najua msiba wa mama ulikupita, najua ulinyimwa ruhusa, na rambirambi yako tuliipokea. Sikuandikii kukusuta kwa hilo. Ninakuomba kitu kimoja, na ninakitaja mapema usije ukasema nimekuzungusha: nataka uje useme mbele ya watu handaki la kampuni yenu ya mgodi linaishia wapi. Wao wanasema linaishia mtoni, ng'ambo ile, na kwamba chini ya nyumba zetu hakuna kitu ila udongo aliouweka Mungu.

Ulipoondoka baada ya Krismasi uliacha ufa mmoja nyuma ya jiko la mama, mwembamba, wa kupitisha jani la mhindi. Kufikia Pasaka ulikuwa unameza kiganja changu. Mlango wa kanisa ukagoma kufunga. Dukani kwa Mwasiti sakafu ilizama upande mmoja, madumu ya mafuta yakawa yanateleza yenyewe hadi mlangoni, naye akawa anatania kwamba siku hizi bidhaa zake zinawafuata wateja. Tulicheka, kaka. Tulikuwa bado tunacheka.

Kampuni ikamtuma Brian, yule kijana wa mahusiano, mwenye buti ambazo hazijawahi kukanyaga tope. Anaongea vizuri, mtu atampa binti. Alituambia mkutanoni kwamba nyufa zinatokana na vyoo vyetu vya shimo, na mashimo ya wachimbaji wadogo, na tabia yetu ya kujenga bila nondo. Mzee mmoja akamuuliza choo gani kinachotetemesha vikombe kabatini kila zamu inapoingia. Brian akacheka pamoja nasi, akasema tusiwe na wasiwasi, wakubwa wake watakuja wenyewe na wataalamu kukagua nyumba kwa nyumba, na atakayekutwa na madhara atahamishwa kwa gharama ya kampuni.

Hapo ndipo tulipojimaliza wenyewe. Mwenyekiti wa mtaa alitangaza kwamba wageni wakubwa wanakuja, na wewe unatujua. Nani kwetu anampokea mgeni nyumba ikiwa na makovu? Wanawake wa mtaa mzima tulishuka bondeni kuchota udongo mweupe, na mama alikuwa mbele yetu sote, na magoti yake yale. Tulikandika, tukaziba kila ufa, tukapiga chokaa, tukafagia mpaka barabarani. Mimi nikachinja jogoo. Hakuna hata mmoja aliyesema jamani, tunaficha kile wanachokuja kukitazama. Aliyesema ni Mwasiti peke yake, na tukamwambia kwao pwani huenda ndivyo wanavyokaribisha watu.

Wageni walikuja, wakala, wakasifu kuku. Walipiga picha kuta zetu zikiwa zinang'aa. Wiki iliyofuata Brian alitusomea kwamba nyumba za Mashineni ni imara na hazina nyufa. Nyumba ya Mwasiti, ambaye hakukandika na aliwaonyesha kila ufa kwa kidole, ikasemwa imejengwa vibaya. Kwa hiyo aliyeziba hana madhara, na aliyeacha wazi hajui kujenga. Nilimtazama akisoma hayo bila kuona haya, nikajua kwamba hata tungewaonyesha shimo lenyewe wangetuuliza tumelitoa wapi.

Shimo tulikuja kuwaonyesha. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Nilimwacha mama jikoni kwake amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, nikaenda kusaga. Nikiwa kwenye foleni nilisikia kishindo, wala si kikubwa, kama gunia linalotupwa kutoka juu ya lori. Mashine ikazimika. Nilipofika, nyumba ya mama haikuwepo. Palikuwa na shimo na vumbi, na ukingoni ulibaki mlango wa mbele na fremu yake, umefungwa, na kufuli la mama likining'inia wazi.

Uliambiwa mama alikufa kwa presha akazikwa makaburi ya kanisa. Aliyekupigia ni mjomba Efraimu kutoka Tunduma, na alikupigia nikiwa nimekaa ubavuni pake. Alisema ukijua ukweli utaacha kazi, na ukiacha kazi nani atawasomesha watoto wa ukoo huu. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana na mtu. Sasa ninazo.

Mama alikuwa ndani, kaka. Aliteremka na jiko lake.

Watu wa kampuni, ambao tangu Pasaka walikuwa hawana gari la kumleta hata fundi, walifika na malori na katapila kabla vumbi halijatulia. Walizungusha utepe, wakaanza kumwaga kifusi cha mgodini ndani ya shimo, eti eneo liwe salama. Niliwapigia kelele kwamba mama yangu yumo. Nilijitupa mbele ya tairi. Brian akaniinua mwenyewe, akanipangusa vumbi begani, akaniuliza kwa upole kama nina uhakika, kama nilimwona kwa macho yangu akiwa ndani wakati ardhi inashuka. Nikamwambia nilimwacha jikoni. Akasema hilo si kuona. Akampungia dereva mkono, lori likarudi nyuma, likamwaga.

Walimwaga mpaka jioni. Mwasiti alinishika kwa nyuma, la sivyo ningeingia. Siku ya pili waliweka kibao kinachosema eneo limefanyiwa ukarabati.

Jeneza tulilolizika lilikuwa na mgomba. Mjomba aliukata nyuma ya kanisa, wakauvika sare ya mama ya umoja wa wanawake, kama wazee wanavyomzika mtu aliyepotelea majini. Mchungaji alitaka kukataa, halafu akatutazama nyuso zetu akafungua kitabu. Wanaume walilibeba wakijua, na wanawake waliimba wakijua. Mtaa mzima unajua, na Tunduma wanajua. Asiyejua alibaki mmoja, naye ndiye mtoto wake wa kwanza.

Au niseme hivi: asiyejua alivyokufa. Maana mambo ya chini ya ardhi, kaka, uliyajua kabla yetu sote.

Siku ile ya kukandika nilimuuliza mama mbona anakazana vile, mgonjwa wa magoti, kuziba hata ufa wa nyuma ambao mgeni hawezi kuufikia. Aliniapisha kwanza, mimi mjinga nikaapa. Kisha akaniambia kwamba usiku wa Krismasi ulikaa naye ukalia. Ulimwambia handaki limeshavuka mto, limepita chini ya soko, na mahali unapotoboa mwamba kila siku ni chini ya nyumba yake. Ukamsihi asimwambie mtu yeyote mpaka upate mkataba wa kudumu, kwamba maneno yakitoka mgodi utafungwa nawe utafukuzwa, na kwamba ukishapata mkataba utamjengea nyumba nzuri Tunduma. Akakubali. Mama yetu alikuwa anazificha nyufa kwa ajili yako, na sisi tukamfuata tukidhani tunafanya usafi.

Unataka kujua kama aliogopa? Hakuogopa. Aliniambia kwamba zamu ilipokuwa inaingia alikaa sakafuni, akaweka kiganja chini, na akisikia mtetemo alisema huyo ni mwanangu, ameamka salama. Hata ulipohamishwa aliendelea kuweka kiganja, akasema hao waliobaki nao ni watoto wa mtu. Nilimkasirikia. Ninamkasirikia hata sasa ninapoandika, na sijui mtu anaomba vipi msamaha kwa aliye chini ya kifusi.

Kamati ya serikali imeundwa, itakaa tena Jumatano, siku kumi kuanzia leo. Mwenyekiti wake alitamka mbele yetu sote: kama handaki lipo chini ya Mashineni, mama yumo mgodini, na kampuni italazimika kuingia kwa chini imtafute, na itawahamisha watu kabla nyumba nyingine hazijashuka. Kama handaki linaishia mtoni, basi ardhi ilijishukia yenyewe na kifusi hakiguswi. Kampuni imeleta ramani, na kwenye ramani handaki linaishia mtoni. Wenzako wa zamu ile wote wamehamishwa kama wewe, na wageni waliokuja badala yao hawajui lolote au wamefundishwa kutojua.

Sasa nikuambie nililolifanya. Wiki iliyopita wifi Ruti alinipigia kwa furaha, hana kosa, haelewi kitu. Aliniambia umesaini mkataba wa kudumu, tena umesaini wiki ileile ya msiba, na kwamba Mungu amekufuta machozi. Nilimpa hongera. Nikakata simu, nikaenda moja kwa moja kwenye kamati, nikasimama mbele ya Brian na mwanasheria wao, nikalitaja jina lako, ukoo wako, zamu yako, na yale uliyomwambia mama. Nilitaja kila kitu. Brian aliacha kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kabla sijatoka nje alikuwa ameshapiga simu huko kwenu.

Kwa hiyo huo mkataba, kaka, nadhani Hamis anapokukabidhi barua hii utakuwa umeshafutwa. Sikukutaja kwa hasira tu, ingawa hasira ninayo na haitaisha leo. Nilikutaja makusudi ili usibaki na kitu cha kukilinda. Mama alikulinda, mjomba akakulinda, wote tukakulinda kama yai, na ona tulipofika. Sina haja ya machozi yako wala ya ile nyumba ya Tunduma. Mwasiti na wanawe wanalala hapa kwetu wamepangana sakafuni, maana nyumba yao inalia kila zamu inapoingia. Nina haja ya mtu mmoja aliyepita chini yetu kwa miguu yake, aje aseme.

Hamis anageuza lori Jumatatu ya wiki hiyo ya kamati, na ameniachia kiti cha mbele kwa ajili yako. Usipopanda, nitawaambia Jumatano kwamba kaka yangu naye anaishia mtoni.

Shemeji yako anakusalimia. Watoto wanakusalimia na kuuliza utawaletea nini. Mwasiti anakusalimia, na mjomba Efraimu pia, ambaye sasa presha imempata kweli. Umsalimie sana wifi, usimkaripie. Salamu za mama siwezi kukufikishia, maana mimi nipo huku juu. Yeye yupo kazini kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Ikupa