Anwani ya Mdogo Wangu

3 Februari

Mdogo wangu Kimbaumbau,

Hujambo? Kazi na afya viko sawa? Mimi nipo, mgongo unauma ukitaka na unaacha ukitaka, lakini nadunda. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mistari minne! Umemwacha mume, umehama mji, laini ya simu umeitupa, halafu unaniandikia kama mtu anayejaza fomu?

Sema, mwaya. Mimi nimepata nafuu kwa kusema. Tangu ile sakafu ya juu ya kiwanda ituporomokee, kila anayeleta suruali kupunguzwa namsimulia: tulivyokuwa kumi na mmoja kwenye cherehani, vumbi lilivyotangulia, nilivyokaa chini ya meza masaa matano na mguu wa mwenzangu umenilalia begani. Wateja wamenichoka, wengine wanatupa suruali wanakimbia. Lakini kila nikisimulia kifua kinakuwa chepesi. Ni kweli bado siingii ndani ya ghorofa, nashonea nje chini ya turubai, na lori likipita ukuta ukitikisika moyo unanidunda mpaka masikioni. Hata hivyo nimesogea. Wiki iliyopita nilifika geti la benki. Wiki hii nimefika mlangoni, mlinzi akadhani napanga kuiba.

Na wewe hicho unachokiogopa kisogelee, kidogo kidogo. Na uniambie ni nini, maana sasa mama yako ni mimi na baba yako ni mimi.

Dada yako

20 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na wenzangu ni watu wazuri. Pole na mgongo. Nimecheka ya mlinzi, mara ya kwanza tangu nifike huku.

Siandiki sana kwa sababu yangu haisimuliki kama yako. Yako ina siku na saa. Yangu ni miaka sita, nikitaka kuanza sijui nianze na kofi lipi. Halafu wewe ukisimulia watu wanakupa pole. Mimi nikisimulia wanauliza nilimfanya nini, na hata mimi najiuliza hivyo hivyo.

Vumbi na kelele za magari havinitishi. Naogopa mwanamume akiongea kwa upole, maana mume wangu alikuwa anakuwa mpole sana kabla ya kunipiga. Naomba radhi kutwa nzima, juzi nimeiomba radhi ndoo. Jumatatu pasi iliniunguza mkono, mwenzangu ndiye aliyesikia harufu. Mimi sikusikia maumivu yoyote. Nesi wa ushauri hapa zahanati anasema ugonjwa wetu una jina moja, ila wako umeletwa na jengo, wangu umeletwa na mtu niliyemwamini, kwa hiyo haututesi sawa. Jengo lilikuwa halikujui hata jina, dada. Yeye alinijua vizuri, na bado akafanya.

Nimepanga chumba cha chini kwenye jengo la ghorofa nne nyuma ya stendi, mlango wa kijani. Nimekuambia wewe peke yako. Mtu mwingine yeyote asijue, tafadhali.

Mdogo wako

11 Machi

Kimbaumbau wangu,

Hujambo? Mkono umepona? Nimeililia barua yako mpaka mteja akanipa leso yake. Miaka sita, na mimi nilikuwa nikija kwenu nasifia mapazia! Nisamehe.

Sasa nisikilize na usinune. Unamkumbuka mwenye kiwanda? Nilimchukia yule bwana mpaka nikawa nasaga meno. Mwezi wa kumi alikuja hapa, akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, akasema, "Nisamehe, mama. Nguzo nilijua ni mbovu." Tangu siku ile nalala. Kweli tena.

Shemeji alikuja Jumapili. Amekonda, shati limekunjamana. Alilia kama mtoto. Hakuomba urudi, aliomba tu akuangalie usoni akuambie amekosa. Nikaona, hiki ndicho kilichoniponya mimi, kwa nini nikunyime wewe? Nimempa anwani. Nimemwambia aende mchana na asikae sana.

Usinikasirikie. Niandikie mara moja ujisikiavyo.

Dada yako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Wiki tatu kimya, na barua zangu mbili hujajibu.

Leo nimepanda basi. Naandika hapa stendi, nimeketi juu ya kreti. Jengo lako nimeliona, mlango wa kijani nimeuona, hatua ishirini tu. Nikanyanyua mguu. Ghorofa nne, mdogo wangu, zote juu ya chumba chako! Nikaurudisha mguu nyuma. Nikasikia vumbi kooni na vumbi halikuwepo. Basi nikasimama barabarani nikakuita, nikakuita kwa nguvu zangu zote mpaka wenye maduka wakatoka kunitazama. Pazia lilitikisika. Hukufungua.

Upo? Shemeji yumo humo na wewe? Barua hii namwachia mwenzako wa kufua. Amekataa kuniambia lolote, na nimempenda kwa hilo. Yeye amefunga mdomo, mimi dada yako nikashindwa. Niandikie hata neno moja.

Dada yako mjinga

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama.

Nilikuwepo, peke yangu. Sauti yako niliijua. Lakini mume wangu akikuta mlango umefungwa ndivyo alivyokuwa anaita, na mwili wangu haukunisubiri nifikiri. Nilijikuta chini ya kitanda nimeziba mdomo. Ulipoacha kuita nililia kwa sababu umeacha.

Barua yako ya Machi iliponifikia nilijua nihame siku ile ile. Nikakaa tu, nikamsubiri kama mtu aliyeambiwa asubiri. Alikuja Alhamisi, siku mbili kabla yako, mchana kama ulivyomwelekeza. Hakunigusa. Alikaa kitandani akaomba msamaha kwa sauti yake ile ya upole, muda mrefu. Unajua nilifanya nini? Nikamwomba msamaha mimi. Nikampigia na shati pasi. Akaondoka anatabasamu, akasema atarudi Jumapili.

Jumapili hakunikuta. Chumba nimekiacha na kazi nimeiacha.

Najua ulitaka nipone kama wewe. Sikuchukii, sina hata nguvu hizo. Nesi alinisihi nikuandikie anwani mpya, mtu asikae bila ndugu. Nimeshika kalamu siku mbili. Wewe ndiye mtu pekee ninayempenda, na mkono umekataa. Akija tena hapo akalia, utampa tena. Si kwa ubaya, dada. Una huruma tu.

Usinitafute. Bahasha nampa msafiri akaiposti mji mwingine, kwa hiyo usihangaike kusoma muhuri.

Mdogo wako