Kwa Bwana Mdogo wa Bekari, Aliyeugua Kimya

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Bwana Mdogo, nawe hukuwa umekaa nasi hata wiki mbili.

Hukuwa na meno. Hukuwa na nywele za kuchana, wala viatu, wala adui. Hukuwa na shati lenye mfuko. Hukuwa na neno hata moja la kutuambia unapoumia. Mengine yote tungekupa kadiri unavyokua. Hilo la mwisho ndilo linalotutesa mpaka leo.

Watu wakiandika kumbukumbu hutaja kazi ya marehemu. Nawe ulikuwa na kazi. Kazi yako ilikuwa kulala, na uliifanya kwa bidii. Tunaishi nyuma ya bekari, ukuta mmoja tu kati ya kitanda chako na mashine ya kukandia unga. Mashine hiyo imewafukuza wageni wengi, lakini wewe ilikubembeleza. Ikiwashwa, unanyamaza. Ikizimwa, unafungua jicho moja, kama msimamizi anayeuliza nani kaamuru kazi isimame. Ndipo babu yako akakupa cheo cha Bwana Mdogo, na hakuna aliyekupinga.

Bibi yako yeye alikuita mume wake.

"Huyu ndiye mume sasa," alimwambia babu yako. "Wewe umechakaa, tafuta pa kulala."

"Mume gani anajikojolea?"

"Na wewe subiri kidogo tu. Utamfikia."

Ulikuwa na tabia ya kupiga chafya mbili, ya kwanza ndogo, ya pili ya kiume. Ulikuwa na tabia ya kukamata kidole cha mtu na kulala nacho, mwenye kidole akabaki ameinama hapo, akiogopa kukuamsha. Na ulikuwa na wema: hukubagua mpakataji. Hata babu yako mwenye ndevu za kuchoma ulimvumilia.

Baba yako alikuwa amekusubiri kwa miaka mingi. Ulipozaliwa alitangaza kwa wateja kwamba msaidizi wake amefika, ila kwa sasa yuko likizo.

Katika nyumba hii, jambo lolote la joto huamuliwa kwa mkono wa baba yako. Husogeza kiganja mdomoni mwa tanuri akasema "bado" au "weka," na mkate haujawahi kumuumbua. Trei iliyotoka motoni huivuta kwa vidole vitupu na kuitua mezani bila haraka, wateja wakistaajabu. Babu yako ndiye aliyemfundisha, kama yeye alivyofundishwa na waliomtangulia: kitambaa ni cha mwanagenzi, mwoka mikate hushika kwa mkono mtupu. Pasi ya jirani ikileta matata, huletwa kwake aiguse. Ndivyo tulivyozoea, na mazoea yana taabu.

Siku ile asubuhi ulinyonya kidogo ukaacha. Mchana hukunyonya kabisa. Mashine ilizimwa, jicho halikufunguka. Nasi tukafurahi! Tukasema mtoto ameanza kuwa mtulivu. Bibi yako akasema utulivu huo umetoka upande wa kwao. Mama yako peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa bado na maumivu ya uzazi, anatembea kwa kushika ukuta. Akakukumbatia, akaja nawe hadi mlango wa bekari.

"Hebu mguse huyu," alimwambia baba yako. "Naona ana moto."

Baba yako alikuwa ametoka kuvuta trei. Akajipangusa kwenye aproni, akaweka kiganja juu ya paji lako. Akatulia, vilevile anavyotulia mbele ya tanuri.

"Huyu? Huyu wa baridi kabisa. Wewe ndiye una homa. Nenda kalale."

"Una hakika?"

"Mke wangu, mimi kazi yangu ni moto."

Akacheka. Mama yako naye akacheka kidogo, akarudi nawe kitandani. Sote tulisikia, na hakuna aliyejiuliza: mkono uliozoea tanuri, homa ya kichanga itauambia nini?

Jioni ulianza kuguna kila unapovuta pumzi, na midomo yako ikageuka rangi ya majivu. Mama yako hakumwuliza mtu tena. Alikufunga kifuani, akapita katikati ya wateja, ndala moja yake na nyingine ya bibi yako. Baba yako akamkimbilia, aproni kiunoni, unga hadi kwenye nyusi, nasi wengine tukafuata polepole. Njiani watu waliwapisha wakicheka, wakidhani ni mke amemchoka mume.

Hospitalini alikupokea muuguzi mrefu, mpole wa sauti. Alikupima joto, akatazama kipimo, akakupima tena.

"Mtoto anaungua huyu. Nani alisema hana homa?"

Baba yako akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi. Muuguzi akaushika ule mkono, akakigeuza kiganja kwenye mwanga na kukibonyeza kwa kidole gumba.

"Baba, hii si ngozi tena, ni soli ya kiatu. Hata nikikuwekea kaa hapa, utaniuliza nimekupa nini."

Hakusema kwa dharau. Lakini baba yako alikitia kiganja mfukoni, na hapo ndipo kilipokaa.

Daktari alikuwa kijana. Alitueleza taratibu kwamba maradhi yameingia kwenye damu, kwamba mtoto wa siku chache huugua kimya, na kwamba kuacha kunyonya ndicho kilio chake. Wewe ulilia mchana kutwa kwa namna hiyo, sisi tukakusifu kwa utulivu.

"Tungemleta mchana?" baba yako aliuliza.

Daktari akavua miwani. "Labda ingesaidia. Labda isingebadili kitu. Nikikuapia lolote, nitakuwa mwongo."

Tangu hapo hakuna neno tunalolichukia kama labda.

Walikulaza ndani ya kisanduku cha kioo, na mpira mwembamba puani. Mama yako alikaa kwenye benchi la mbao akikamua maziwa kikombeni, tone kwa tone, na kila alipoyapeleka alimwambia muuguzi, "Haya ni ya ziwa la kushoto, ndilo analolipenda." Muuguzi akaitikia kila mara, "Nitamwambia ni la kushoto." Mama yako hakulia. Alikuwa na kazi, akaishika.

Baba yako hakuwa na kazi. Alisimama mbali, ameegemea ukuta, mikono mfukoni.

"Baba, mbona humsogelei mtoto?" muuguzi alimwuliza.

"Mikono yangu haifai hapa."

"Nani kasema nataka kiganja? Nawa, kisha kunja shati. Zaidi, zaidi. Eeh. Huku nje umejaa makovu, lakini huku ndani ya kiwiko tanuri halijafika. Mguse kwa hapa."

Akaupitisha mkono kwenye tundu la kioo, akaulaza upande wa ndani juu ya kifua chako. Basi akajua. Wakati huo ndipo baba yako alipojua ulivyokuwa wa moto.

Hakupiga kelele. Alibaki ameinama hivyo, machozi yanachuruzika na kukata njia kwenye unga wa mashavuni, na hakuuondoa mkono mpaka mgongo ukamkakamaa. Sisi tuliokuwa nje ya dirisha tuliuona mguu wako mmoja ukijinyoosha, ukatulia juu ya kifundo cha mkono wake. Tunapenda kuamini ulimjua.

Kesho yake, jua limeshapanda na wauguzi wanapokezana zamu, ulipumzika.

Waliokuja kutuhani walituambia maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini methali hiyo haikaushi sakafu. Wahenga wamesema pia kwamba majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu ndiye aliyetangulia, majuto yakabaki nyumbani.

Baba yako alirudi kazini, maana watu lazima wale. Lakini hakukiamini tena kiganja chake. Alinunua kipimajoto cha tanuri, kitu ambacho babu yako alikicheka maisha yake yote. Safari hii babu yako hakucheka. Alitafuta msumari, akakitundika mwenyewe. Mikate ni ileile. Ila mtoto wa mteja akinyoosha mkono kupokea, baba yako huweka mkate juu ya kaunta na kurudi nyuma. Mwaka mzima hajampakata mtoto wa mtu.

Na mama yako? Mama yako alikuwa akisema, "Kosa ni langu. Mimi nilijua, nikakubali kuambiwa sijui." Baba yako akijibu, "Wewe uliuliza. Aliyejibu ni mimi." Wakawa kama watu wawili wanaogombania kulipa nauli, kila mmoja anasukuma mkono wa mwenzake. Mpaka siku moja bibi yako akawajia juu: "Basi! Mtoto hakuwa kesi. Mnamtafutia mshtakiwa, yeye hakuwahi kushtaki mtu." Wakanyamaza. Kunyamaza si kupona, lakini walianza tena kula sahani moja.

Mwezi uliopita shangazi yako, aliyeolewa mji wa mbali, alijifungua binti. Katika ukoo huu simu ni ya kuulizia bei ya unga, na jambo zito huandikwa. Akaandika: "Kaka, mwanangu ana mjomba mmoja tu duniani, na nasikia siku hizi mjomba huyo anawakimbia watoto kama anadaiwa nao. Njoo umpakate. Usipokuja nitamleta, nimwache mlangoni pako kama gazeti."

Baba yako aliisoma barua, akaikunja, akaiweka.

"Umeshamjibu dada yako?" babu yako alimwuliza.

"Nitamjibu."

"Nitamjibu ndiye nani? Sijawahi kumwona huyo akifanya kazi hapa."

Leo umetimia mwaka. Baada ya mikate ya asubuhi kwisha tuliketi meza moja, sisi tunaokukumbuka: mama yako, baba yako, babu yako uliyemvumilia ndevu, na bibi yako anayejiita mjane wako. Hatukupatana juu ya mambo mengi, ila hili moja: hakuna siku utakayotoka mioyoni mwetu, Bwana Mdogo, na mashine ikizimwa bado tunageuka kutazama kitanda.

Baba yako akaomba karatasi. Aliandika kwa shida, akifuta, akianza upya, kisha akatusomea: "Dada, nitakuja, nitampakata. Ila nawe nisikilize. Siku akiacha kunyonya, usimwulize mtu yeyote mkono wake unasemaje. Hata mimi usiniulize. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na ukionekana mjinga, uonekane."

Mama yako akaichukua kalamu, akaongeza chini: "Wifi, namleta mwenyewe, asije akashukia njiani."

Bahasha haikuwa na gundi. Baba yako akachovya kidole kwenye unga na maji, akapaka ukingo, akaukandamiza kwa kile kiganja mpaka ukashika. Mama yako akavaa viatu, akaenda nayo posta.