Mfereji Waliouchimba Watoto

Shamba la kahawa, Ruiru
Jumapili mchana, Novemba

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Mwadime,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani Mbale. Mguu wako unaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema siku hizi unafundisha ukiwa umekaa, nami nikacheka peke yangu, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kukuona ukifundisha umekaa. Na Mama, kifua kimepona? Mwambie aende zahanati, asingoje tena. Sisi hatujambo. Mume wangu Mwakio ni mzima, bado anaendesha lori la shamba, anapeleka kahawa Thika na kurudi. Ile homa iliyonishika mwezi wa tisa imekwisha kabisa, hata mwili umerudi.

Baba, tangu jana mikono inaniwasha kutaka kukuandikia. Uliniuliza kwa nini binti yako uliyemsomesha mpaka darasa la nane amekubali kazi ya kuwafuta watoto wa watu makamasi. Sikukujibu neno hilo kwa miezi miwili kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ni refu, kwa hiyo tafuta miwani yako na ukae vizuri.

Kwanza nikueleze mahali penyewe. Bibi mwenye shamba alitoa stoo moja kuukuu ya kahawa, iliyo chini ya mteremko karibu na nyumba za wafanyakazi, ili watoto wadogo washinde humo mama zao wakichuma. Zamani waliwalaza katikati ya mistari ya kahawa. Mwaka jana mtoto mmoja mchanga aliingiwa na siafu, akaokolewa karibu kufa, na ndipo ile stoo ikafunguliwa. Tupo wawili tu, mimi na mama mmoja mzee wa Kikuyu tunayemwita Cucu, yaani nyanya, ambaye hupika uji. Watoto ni thelathini na kitu, wa miaka mitatu hadi sita, na wachanga watano wanaolala kwenye magunia pembeni.

Mwanzoni niliwafundisha kama ulivyonifundisha wewe. Niliwapanga mistari wakakaa chini, nikachukua fimbo nikaonyesha ubaoni: a, e, i, o, u. Siku ya kwanza walipiga kelele kwa furaha. Siku ya tatu nusu yao walikuwa wamelala na nusu wanafinyana. Nilidhani ni wajinga. Nisamehe, lakini hivyo ndivyo nilivyodhani.

Basi siku moja Mwakio akarudi kutoka Thika na mikebe. Kule kwenye viwanda kuna kimoja kinachopakia matunda, na mikebe iliyobonyea hutupwa nje. Alileta gunia zima, pamoja na vipande vya nguo kutoka kiwanda kingine, akavimwaga mbele ya stoo akasema, "Haya Mwalimu, labda utapata kazi navyo." Nikaanza kumgombeza kwa kuniletea takataka. Nilipogeuka, hakuna mtoto aliyebaki kwenye mstari.

Nikaacha nione. Kuna msichana wa miaka minne, Wanjiru. Alijaza mkebe mmoja mchanga, mwingine akaujaza nyasi kavu, akainua huu, akainua ule, akarudia mara nyingi mno uso umekunjamana kama wa mzee wa baraza. Kisha akamwambia mwenzake, "Hii inalala. Hii inataka kuruka." Hakuna aliyemfundisha neno uzito, Baba, lakini alikuwa ameushika mkononi.

Yupo na mvulana mmoja, Kamau, anakaribia miaka sita. Yeye ni wa maji. Aliniomba nimtobolee mkebe kwa msumari, tundu moja juu, moja katikati, moja chini. Akaujaza maji, akauinua juu. Akapiga kelele tukakimbia sote kuona: maji ya tundu la chini yalikuwa yanaruka mbali kuliko yote. "Mwarimu, hii ya chini iko na nguvu! Kwa nini?" Baba, mimi sikujua. Wewe ulijua? Tukatoboa mkebe mwingine tukijaribu kuona kama itakuwa vilevile, na ikawa vilevile. Siku hiyo sikumbuki kama niligusa ubao.

Kuanzia hapo walikuwa wanachimba tu. Mfereji huku, bwawa kule, mabomba ya mabua ya mipapai waliyoyaunganisha. Wakigombana nilikuwa nawauliza, "Mmejaribu? Basi jaribuni tuone." Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, kuuliza na kushika mkono wa anayetaka kupiga mwenzake.

Lakini hebu fikiri mama anayetoka kwenye kahawa jioni, mgongo unamuuma, anampokea mtoto aliyepakwa matope mpaka masikioni. Mama yake Kamau anaitwa Nyokabi. Ndiye anayesikilizwa na wachumaji wote, na sauti yake inafika ng'ambo ya mto. Jumatatu iliyopita alinijia amemshika Kamau mkono, akamsimamisha mbele yangu.

"Mwarimu, huyu amesoma nini?"

Nikasema anajifunza mambo mengi kwa kucheza.

"Kucheza anafundishwa na nani? Mbuzi wangu pia inacheza. Mimi sijui kusoma hata jina langu. Karani akiniambia weka kidole hapa, naweka, sijui naweka kwa nini. Sitaki huyu aweke kidole. Unanisikia? Ukiwa utamchezesha tu, nitamrudisha kwa kahawa na mimi."

Hakuwa na hasira peke yake, Baba. Machozi yalikuwa karibu. Ningeweza kubishana na hasira, lakini na hilo sikuweza.

Kesho yake Bibi mwenye shamba akaniita. Nyapara mkuu anaitaka ile stoo kwa ajili ya magunia, na sasa amesikia akina mama wananung'unika. Bibi akasema, "Jumamosi baada ya kazi akina mama watakuja kuona. Wakiridhika, tutaendelea. Wasiporidhika, sina budi kuirudisha stoo."

Niliogopa. Na kwa sababu ya woga nilifanya jambo ambalo silipendi hata sasa. Nilikusanya mikebe yote nikaificha nyuma ya jiko, nikachukua fimbo, nikawapanga mistari. Siku tatu nzima, a, e, i, o, u, ba, be, bi. Aliyeinuka nilimkalisha. Wanjiru aliniuliza mchanga umeenda wapi, nikamwambia nyamaza. Cucu alikuwa anatazama tu akikoroga uji. Siku ya tatu akasema, "Hawa sasa wamekuwa kama magunia. Nyapara hana haja ya kuleta mengine."

Nililia nikiosha vikombe.

Jumamosi ikafika. Saa nane akina mama wakaja, kama ishirini hivi, bado wamefunga magunia kiunoni, Nyokabi mbele. Bibi akasimama mlangoni. Watoto walikuwa wameoga wamekaa sawasawa. Nikainua fimbo. Wakaanza vizuri, kisha sauti zikapungua, moja moja, mpaka nikawa nasoma karibu peke yangu. Nilimwita Wanjiru asome. Alisimama, akatazama ubao, akanitazama mimi, akaanza kulia bila sauti. Akina mama wakatazamana. Nyokabi akakunja mikono.

Hapo mvua ikashuka. Unajua hizi mvua za vuli, lakini hii haikuanza kwa matone, ilimwagika. Bati likapiga kelele hata hatukusikiana. Muda si mrefu maji yakaja yakiteremka kutoka kwenye kahawa, mekundu, moja kwa moja kuelekea mlangoni, yakapanda kizingiti yakaingia ndani upande wa magunia, mahali wachanga walipokuwa wamelala. Akina mama wakakimbilia kuwanyakua, huyu wake, huyu wa mwenzake, makelele matupu. Mimi nilisimama na fimbo yangu kama mlingoti.

Niliposhtuka nikaona mistari haina mtu. Watoto walikuwa nje.

Nilitoka kuwafuata nikidhani wametoroka kucheza mvuani, nami nikaona kazi yangu imekwisha. Kumbe Kamau amepiga magoti mahali maji yanapokata kona, hatua kama kumi juu ya mlango, anachimba kwa mkebe. Walikuwa wameitoa mikebe nyuma ya jiko. Siku zote hizo walijua nilipoificha! Wakubwa walikuwa wanachimba, wadogo wanabeba mawe. Na walikuwa wanaongea, Baba, natamani ungewasikia.

"Si hapo! Hapo iko juu, maji haipandi!"

"Weka mawe hapa ikatae kupita!"

"Chini zaidi, Kamau, chini zaidi, ndio ipate nguvu!"

Huyo wa mwisho alikuwa Wanjiru, yule aliyekuwa analia. Wakatengeneza ukingo wa mawe na matope kuzuia njia ya mlangoni, na mfereji mdogo kuelekea bondeni. Mara ya kwanza ukingo ulivunjika. Nikapiga hatua nikitaka kusaidia, Kamau akasema bila kunitazama, "Ngoja, Mwarimu, tunajaribu." Neno langu mwenyewe! Wakaujenga tena, safari hii wakitanguliza mawe makubwa na kuziba kwa nyasi. Maji yakasita kidogo, yakajaa nyuma ya ukingo, kisha yakageuka. Yakaingia mferejini yakateremka bondeni, na mlangoni pakabaki matope tu.

Watoto walipiga vigelegele kama watu wazima arusini.

Nikageuka. Akina mama wote walikuwa wamesimama mlangoni na wachanga mikononi. Nyokabi aliingia mvuani polepole, akamwendea mwanawe.

"Ni nani alikufundisha hii?"

Kamau akafikiri. "Hakuna. Tuliona wenyewe."

"Mwarimu hakuwaambia?"

"Mwarimu huuliza tu."

Nyokabi akautazama mfereji kutoka juu mpaka chini. Kisha, Baba, mama yule mkali akapandisha nguo yake, akapiga magoti pale matopeni, akasema, "Hapa imeanza kuvuja. Nionyeshe vile mnaziba." Mwanawe akamwonyesha. Akamshika mkono mama yake akaupeleka kwenye nyasi, akimfundisha kukandamiza. Akina mama wengine wakaanza kucheka, kicheko kile kizuri cha mtu aliyechoka, na wawili watatu wakatoka nao. Bibi mwenye shamba alikuwa amesimama ameloa kofia, akasema tu, "Nyapara atatafuta stoo nyingine."

Lakini usidhani Nyokabi alisahau alichokuja nacho. Mvua ilipokatika akaniambia, "Hii ni nzuri. Lakini kusoma pia nataka." Nikamwambia ana haki. Tukaketi kwenye magunia makavu, mimi na yeye, tukapanga: asubuhi watacheza na kuchunguza, na wale wakubwa wanaokaribia shule watapata herufi kidogo kidogo, wakiandika mchangani kwa kidole, si kwa kukalishwa siku nzima. Nikamwambia tena, kama anapenda, Jumapili baada ya kanisa aje yeye mwenyewe tuanze na jina lake. Alinitazama kama aliyetukanwa. Lakini leo amekuja. Ameandika NYO mchangani mara sita, akakataa kwenda kwenye KABI mpaka NYO inyooke.

Na kuna habari nyingine. Mwakio alipeleka mzigo Thika jana jioni, akasimulia jambo hili kule wanakoshusha kahawa, unajua mdomo wake, na leo mchana amekuja mama mmoja kutoka shamba la upande wa Ngoliba, ametembea sehemu kubwa ya njia, akiuliza kama naweza kwenda kuwaonyesha jinsi ya kuanza. Wana kibanda na wana watoto, hawana kingine. Nimemwambia tutakwenda Jumamosi, mimi na Nyokabi. Moyo wangu unaruka, Baba. Sijalala vizuri na wala sijachoka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Makamasi nayafuta, ndiyo. Hukupoteza kitu kwa kunisomesha. Uliponifundisha ulinipa herufi zote ninazokuandikia sasa, nami sitazidharau kamwe. Ila kuna kitu watoto hawa wamenifundisha ambacho wewe na mimi hatukukipata tukiwa tumekaa kwenye mistari, na ningependa ukione kwa macho yako. Shule ikifungwa Desemba, panda treni Voi, shuka Nairobi, upande ile ya Thika, sisi tutakungoja stesheni ya Ruiru. Mguu usikusumbue, hapa hata walimu hukaa chini.

Nisalimie sana Mama, na nyanya mzaa baba, na shangazi anayeuza ndizi sokoni Mwatate, na kaka yangu mkubwa na mkewe, na mdogo wangu wa mwisho, umwambie aniandikie mwenyewe asiseme kupitia kwako. Msalimie pia mchungaji na walimu wenzako.

Nilikuwa nafunga bahasha, Wanjiru akagonga mlango. Mvua imewatoa konokono na yeye amemleta mmoja kwenye jani. Anauliza hivi: konokono akikua, nyumba yake nayo inakua, au anahama na kutafuta kubwa zaidi? Mimi sijui, na Mwakio hajui, na Cucu amesema hajawahi kuulizwa swali kama hilo. Nimemwahidi Wanjiru kwamba baba yangu ni mwalimu wa siku nyingi na nitamwuliza. Akasema, "Yeye pia asituambie. Aseme tu tutaonaje." Basi, Baba, utuandikie.

Ni mimi binti yako ninayekuheshimu na kukukumbuka sana,

Eliza Wakesho