Kidonda cha Kaka Yangu Asukulu

Mujukuu wangu Neema,

Huku mujini Baraka tuko bazima, na mama yako anakusalimu. Unauliza sababu gani rafiki yako anakasirika akisikia Neno la Mungu.

Kaka yangu Asukulu alikuwa vile. Ziwa lilimeza mutoto wake, naye akahamia kijiji cha Kilembwe, mbali na maji, kulima. Batu wa kanisa bakimwalika, anajibu: "Mungu wenu alikuwa wapi?"

Mushemasi mumoja muzee hakubishana naye. Alichukua jembe, bakalima pamoja musimu wote bila mahubiri. Siku moja Asukulu akakaa chini katikati ya mihogo, akalia sana. Kisha akasema, "Sasa uniombee."

Neno la Mungu lilikuwa lile lile alilokataa mbele. Moyo wake ulikuwa na kidonda, na kidonda kinaogopa kuguswa.

Mutembelee rafiki yako, mupike pamoja.

Koko wako Mapendo