Tezi Nyuma ya Mfupa wa Kifua

Jumamosi, Kuresoi. Mvua haijakoma tangu saa sita mchana, ile nyembamba yenye baridi ya kuingia mifupani, na ukungu umeshuka juu ya viazi mpaka uani kwa mama mkwe. Nimejifungia ndani ya pikap yangu. Nina hasira, nina aibu, na sijui ipi ilitangulia.

Leo nimempiga shemeji yangu mbele ya watu wa kanisa.

Nieleze vizuri. Mimi ni mtu wa buchari, mjini Nakuru. Nimechinja na kupasua tangu nimalize shule, na damu hainitishi. Mke wangu Ruth ndiye hukaa kaunta, kwa sababu nikikaa mimi wateja wanakimbia. Mwaka jana kope la jicho lake la kushoto lilianza kuanguka. Ikafuata sauti: anaanza kuongea vizuri, halafu katikati ya sentensi sauti inafifia kama tochi ya betri kuukuu. Ikafuata taya. Mke wa mwenye buchari akawa hawezi kutafuna nyama. Anatafuna kidogo, anachoka, anashika kidevu kwa mkono ili mdomo ufunge. Mteja mmoja alimwambia amelewa asubuhi yote hiyo. Nilimtoa nje kwa kola, nyama yake nikaitupa barabarani.

Daktari wake, mama mmoja mtulivu, alisema ni miasthenia. Hakuna mdudu aliyeingia kutoka nje. Ni askari wa mwili wake mwenyewe, wanaoshambulia pale neva inapoipa misuli amri. Na wengi wao wanatoka kwenye tezi moja iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, karibu na moyo.

Tangu siku hiyo nasoma habari za hiyo tezi kila nikipata nafasi, na nakwambia, shajara yangu, kichinjio ni mahali pa amani kuliko mle ndani.

Seli changa zinatoka kwenye uboho wa mifupa zikiwa hazijui kitu. Thaimasi inatoa kemikali, nazo zinaifuata. Hilo nalielewa. Nikiwasha jiko la nyama choma sihitaji kuita mtu. Moshi unatoka, na watu wanageuka njiani bila kujua nani amewageuza. Seli zikifika zinapimwa. Isiyoweza kusoma alama za mwili inaachwa ife. Inayofaulu inavutwa na kemikali nyingine mpaka ndani zaidi, na huko inaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe: hiki cha ini, hiki cha moyo, hiki cha misuli. Ikirukia chochote kwa fujo, inaamriwa ijiue, na majirani wanakula mabaki. Nyingi zinazoingia mle hazitoki, na ndiyo maana sisi wengine tunaamka salama.

Kwa Ruth kazi hiyo imeharibika. Tezi imevimba, na inamwaga kemikali zinazoita hata wasiotakiwa mle, zile seli za kutengeneza kingamwili, na humo ndani zinafundishwa kuchukia misuli yake. Moshi unaoleta wateja huleta na mbwa.

Sisi wa upande huu hatuhitaji kueleweshwa sana. Nilikuwa mtoto nyumba yetu ilipochomwa kwenye ghasia za uchaguzi, na mmoja wa waliokuja na petroli alikuwa amekula kwetu wiki hiyo.

Dawa zimemsaidia kiasi. Lakini mwezi uliopita maziwa yalimtokea puani na akakosa pumzi pale jikoni, akinitazama kwa jicho lake moja lililo wazi. Daktari akasema tezi itolewe, na kwa jinsi ilivyovimba, mfupa wa kifua utapasuliwa kwa msumeno. Hakuahidi miujiza. Alisema nafuu inaweza kuchukua miezi mingi, lakini kuendelea kungoja ni hatari zaidi.

Nilikataa. Tarehe ya kwanza ya operesheni ikapita nikiwa nimekataa. Watu walidhani ni ubahili, wengine wakasema nimeingia dhehebu la ajabu. Mimi najua mlio wa msumeno kwenye mfupa wa kifua. Najua unga mweupe unavyoruka, na mbavu zinavyolia ukizivuta zifunguke. Wengine wakisikia neno operesheni wanaona shuka safi za kijani. Mimi naona mbavu za Ruth.

Tarehe mpya ndiyo hii. Jumatatu analazwa Nakuru. Kwa hivyo mama mkwe akaita maombi leo, na penye maombi pana kondoo, na mkwe mwenye visu hawezi kuachwa akae anywe chai. Nilimchinja mwenyewe, alikuwa mchanga bado. Erick, kaka yake Ruth, akanisaidia kuchuna. Nilipopiga shoka kwenye kidari na kukifungua, nikaiona ile tezi. Nyeupe, laini, imelala juu ya moyo. Kwa kondoo mzee huikuti, imekwisha, mafuta tu. Miaka yote hii nimekuwa nikiirushia mbwa bila kuuliza jina lake.

Niliiweka kwenye gogo nikaikata kwa panga. Nikaikata tena. Niliendelea mpaka ikawa uji, vipande vikinirukia usoni, na panga likawa linakula gogo lenyewe. Erick alinitazama tu, akachukua kwato akaondoka.

Tulipokaa kula, Erick akaanza utani. Ni haki yake. Shemeji kwa shemeji hawanuniani, na mimi nimemtania miaka mingi mambo mabaya kuliko haya.

"Shemeji, kwani Nakuru tunaenda kufanya nini? Shoka si iko hapa, fundi yuko hapa. Mathe aweke maji moto tumalize hii story leo!"

Watu wakacheka. Ruth naye akacheka, ila kicheko chake siku hizi hakipandi usoni, kinatoka kama mtu anayekenua meno kwa maumivu. Mimi niliona ule uso tu. Nilimpiga Erick ngumi ya mdomo, akaanguka pamoja na benchi. Nikamfuata pale chini nikampiga tena, na tena, damu ikaruka kwenye shati lake jeupe la kanisa. Wazee wawili wakanivuta kwa shingo. Erick hakurudisha hata moja. Alikuwa amejikinga kwa viwiko akisema, "Ni mimi, shemeji. Ni mimi."

Katika nyumba ile yote, ni yeye peke yake aliyejaribu kumchekesha dada yake kabla ya Jumatatu.

Ruth alinifuata hapa garini. Alishika kidevu kwa mkono kwanza, nikajua anaiweka akiba sauti yake. Kisha akasema:

"Baba Faith, mi nishaamua. Jumatatu naenda, na sikuombi ruhusa. Nataka tu kujua ni nani atanishika mkono wakinipeleka huko ndani. Ni wewe ama ni Erick? Maana hata mimi..."

Sauti ikaisha hapo. Midomo iliendelea peke yake, na nikaisoma: naogopa. Akafungua mlango akarudi ndani, amejifunika leso kichwani.

Sikuwahi kumuuliza. Miezi yote hii nimeogopa kwa kelele, kwa ngumi na kwa matusi, mpaka mwenye kifua chake akakosa nafasi ya kuogopa. Hilo linaniuma kuliko damu ya Erick, na damu ya Erick inaniuma sana.

Sasa nashuka. Nitamwomba Erick msamaha mbele ya wale wale walioniona nikimpiga, na akitaka kunirudishia, nitasimama wima. Nitamwomba pia aendeshe gari Jumatatu, ili mimi nikae nyuma na mke wangu. Watakapompasua nitakuwa kwenye ile korido. Milango itafungwa na mimi nitausikia msumeno vilevile, najijua. Nitausikia nikiwa nimekaa.

Lakini kabla ya yote hayo Ruth ameuliza swali na hajajibiwa. Ni mimi, mama Faith. Nitakushika mimi.